Nywele na Ndevu Baada ya Mionzi ya Kichwa na Shingo

Wengi wanaoanza mionzi ya saratani ya koo, ulimi au tezi la mate huwa wamejiandaa kwa kipara. Wamemwona jirani aliyetundikiwa dripu za kemo, nywele zake zikaisha zote, nao wanadhani zamu yao imefika. Wiki ya tatu wanakuta kichwa kimebaki na nywele zake, ila ndevu za shavu moja zimepukutika, na kisogoni pana kiraka kitupu ambacho kinyozi ndiye aliyekiona kwanza. Hapo hofu huingia: je, wamekosea kupiga mionzi? Je, ugonjwa umehamia kichwani?

Hapana. Mionzi hunyonyoa pale tu inapopita, na nywele za pale huota au hazioti tena kulingana na kiasi cha mionzi kilichofika kwenye ngozi hiyo. Yote mawili hupangwa kwenye kompyuta ya hospitali kabla hujalala kwenye kitanda cha mashine. Unaweza kuuliza mapema, na mwongozo huu unakueleza uulize nini, uzitunzeje nywele na ngozi wakati wa tiba, na utegemee nini baadaye.

Kwa nini zitoke mahali pamoja tu

Kishina cha unywele kimekaa milimita chache chini ya ngozi. Seli zake hugawanyika haraka, na mionzi huziumiza zaidi seli za namna hiyo, ziwe za saratani au za nywele. Tofauti na kemo ni njia. Kemo huzunguka na damu, ikafika kila kishina mwilini. Mionzi huelekezwa: huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, kama mwanga wa tochi unaopenya shuka. Ndiyo maana mtu mwenye uvimbe nyuma ya pua anaweza kunyonyoka kisogoni, mahali ambapo hakuwa na ugonjwa wowote.

Jambo hili lilijulikana mapema sana. Eksirei ziligunduliwa mwishoni mwa 1895. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, Profesa John Daniel alimpiga mwenzake William Dudley eksirei ya kichwa kwa muda wa saa nzima. Siku 21 baadaye nywele za upande ule zilitoka zote. Vipimo vya leo ni tofauti kabisa na vya wakati ule, lakini kalenda ni ileile: nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu tangu siku ya kwanza ya tiba, kwa sababu unywele ulioumizwa shinani hukaa kwanza ndipo ulegee.

Kwa makadirio, tazamia hivi:

- Uvimbe wa tonsi au shina la ulimi: ndevu za taya na shingo, na mara nyingi nywele za chini ya kisogo.
- Uvimbe wa nyuma ya pua: kisogo na nyuma ya masikio, pamoja na ndevu za shingo ikiwa tezi za shingo nazo zinatibiwa.
- Tezi la mate la kando ya sikio: sharafa na nywele za kuzunguka sikio, upande mmoja tu.
- Uvimbe mdogo wa zoloto: ndevu kidogo chini ya kidevu, nywele za kichwani hubaki.
- Uvimbe wa matundu ya pua au karibu na jicho: huenda nyusi na kope zikaguswa.

Maswali manne kabla ya kuanza

Nenda nayo yameandikwa, au mpe ndugu anayekusindikiza ayaulize. Daktari wa mionzi ana majibu. Mara nyingi hayatoi kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

*Mionzi itaingilia wapi na kutokea wapi?* Mwombe akuonyeshe kwa kidole juu ya kichwa chako mwenyewe. Kama una simu, mwombe mwenzako apige picha ya sehemu hiyo. Utajua ni wapi pa kutunza na ni wapi pa kuacha bila wasiwasi.

*Ngozi ya hapo itapata kiasi gani?* Kipimo cha mionzi huitwa grei. Tiba ya kuponya saratani hizi huwa karibu grei 60 hadi 70, zikigawanywa kwa siku 30 hadi 35, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita au saba. Hicho ni kipimo cha uvimbe. Ngozi yenye nywele mara nyingi hupata pungufu. Utafiti uliochapishwa 2004 kwa wagonjwa waliopigwa mionzi ya kichwa ulikadiria kwamba kishina kinachopata jumla ya grei 43 kwa tiba ya siku nyingi kina nafasi nusu kwa nusu: huenda kisiote tena, huenda kikaota. Chini ya hapo matumaini huongezeka. Juu ya hapo hupungua. Mtu anayepewa mionzi michache ya kutuliza maumivu tu kwa kawaida nywele zake hurudi.

*Ni mashine gani?* Mashine ya kobalti hufikisha nguvu yake kamili karibu na ngozi, nusu sentimita hivi. Mashine ya aina ya pili, linaki, hufika ndani zaidi kabla ya kufikia kilele, hivyo ngozi husalimika kiasi. Hospitali nyingi za kwetu zimetumia kobalti kwa miaka mingi, na baadhi zina zote mbili. Hili si jambo la kukufanya uahirishe tiba ukingoje mashine nyingine. Uvimbe haungoji. Jibu hili linakusaidia kujua ngozi yako itahitaji uangalizi wa kiasi gani.

*Nitapewa kemo pamoja, na ni dawa ipi?* Sisplatini, ambayo ndiyo hutumika sana pamoja na mionzi ya kichwa na shingo, inaweza kupunguza nywele lakini kwa kawaida haizimalizi. Doksetakseli na paklitakseli huzing'oa kichwa kizima, kisha nyingi hurudi dawa ikiisha. Na ukisikia habari za kofia ya baridi inayozuia nywele kutoka, fahamu kwamba ni ya kemo. Haizuii kazi ya mionzi.

Nyoa au fumua kabla ya kinyago

Kabla ya tiba utatengenezewa kinyago cha plastiki. Kipande kilicholainishwa kwenye maji ya moto hutandazwa usoni, hushika umbo la kichwa na shingo, kisha huwa kigumu. Kazi yake ni kukuzuia usisogee hata kidogo, na kila siku utavalishwa hichohicho.

Kwa hiyo nywele ulizokuwa nazo siku ya kinyago ndizo unazopaswa kubaki nazo. Mwanamke akipimwa akiwa na nywele fupi kisha akasuka rasta, kinyago hakitafunga. Mwanamume akipimwa na ndevu nyingi kisha akazinyoa, kitalegea na kichwa kitacheza. Yote mawili yanaweza kukulazimisha urudie vipimo, na siku zipotee.

Fumua misuko, toa wigi, nywele za kushonea, vibanio na shanga. Kama ndevu zako ni nyingi, zipunguze kwa mashine siku chache kabla. Wenye nywele ndefu wengi huona ni nafuu kuzikata fupi wakati huu: zikianza kutoka, kiraka hakishtui sana, na kuosha ni rahisi. Lakini si lazima kunyoa kichwa chote. Nywele zisizo njiani hazitatoka.

Wiki za tiba

Utaamka siku moja ukute nywele kwenye foronya, au ndevu zitoke mkononi ukinawa uso. Kabla ya hapo ngozi inaweza kuwasha au kuvuta. Nywele hizo hazina mionzi. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini wala kwenye nywele wala kwenye nguo. Mbebe mtoto, lala na mwenzio, zifagie nywele na kuzitupa kama siku zote.

Ngozi ndiyo ya kuchunga sasa kuliko nywele, kwa sababu ngozi ikichubuka sana tiba inaweza kusimamishwa.

- Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa kiganja, bila dodoki wala kitambaa kigumu. Anayetawadha anaweza kupitisha maji bila kusugua.
- Kausha kwa kugusisha taulo laini. Usifute.
- Paka losheni isiyo na manukato ambayo wahudumu wa mionzi wameikubali. Usijipake nzito muda mfupi kabla ya kuingia kwenye mashine.
- Acha pafyumu, spiriti, poda, limau, na mafuta ya kuchua yenye mentho kwenye sehemu inayotibiwa.
- Usikande kwa maji ya moto wala kuweka barafu.
- Vaa shati lisilo na kola ngumu. Mtandio uwe wa pamba laini au hariri, bila pini za shingoni.
- Ukipanda bodaboda, kofia ngumu ni lazima, ila tanguliza kitambaa safi cha pamba chini yake na uuzungushie ukanda wa kidevuni kitambaa laini.

Jambo la kutarajia: ngozi huwa mbaya zaidi wiki moja hadi mbili *baada* ya mionzi kwisha, kisha huanza kupona. Aliyerudi nyumbani mkoani akidhani ameshamaliza shida zake asishtuke.

Kwa kinyozi na saluni

Kinyozi wa mtaani ana utaratibu wake: mashine, wembe wa kuchonga mistari, taulo la moto, kusugua uso, kisha spiriti ya shingoni. Kwenye ngozi iliyopigwa mionzi, ni mashine peke yake inayoruhusiwa, nayo kwa mkono mwepesi. Mwambie kabla hujakaa kitini: hakuna wembe, hakuna taulo la moto, hakuna spiriti, na mashine isafishwe kwanza. Ni bora zaidi kununua mashine yako ndogo ya umeme na kunyolea nyumbani. Ngozi ikiwa imechubuka au inatoa maji, usinyoe kabisa.

Wanaume wenye vipele vya ndevu huzoea poda au krimu ya kuondolea nywele. Iache kabisa wakati wa tiba na miezi ya mwanzo baada yake. Inaunguza hata ngozi nzima, sembuse iliyodhoofika.

Saluni nako subiri. Dawa ya kulainisha nywele, rangi, hina nyeusi ya dukani, draya ya moto na misuko ya kubana havifai kwenye sehemu iliyotibiwa mpaka ngozi ipone na nywele ziwe zimeota kwa nguvu. Wengi hushauriwa wangoje karibu miezi sita, lakini ukubali neno la daktari wako kuliko la fundi. Ukianza, jaribu mahali padogo kwanza. Mabutu yaliyolegea hayana neno. Rasta nzito zinazovuta ukingo wa paji na kisogo zinaweza kung'oa kile kidogo kilichorudi.

Lini zitaota

Kama vishina vimepona, nywele za kwanza huonekana kati ya miezi miwili na minne baada ya siku ya mwisho ya mionzi. Kwa wengine hufika miezi sita au zaidi. Kasi ya kawaida ya nywele za kichwani ni kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo usitarajie kichwa kilichojaa siku ya Idi au Krismasi ijayo kama tiba imeisha majuzi.

Zinarudi zikiwa na tabia mpya. Huweza kuwa laini kama za mtoto, nyembamba, zenye mawimbi tofauti, au za rangi nyingine. Ndevu mara nyingi hurudi kwa viraka, na baadhi ya wanaume hubaki na mstari ulionyooka: juu yake ndevu, chini yake ngozi tupu. Mstari huo ni mpaka wa mionzi. Wapo wanaoufuata kwa mashine ukawa mtindo, na wapo wanaonyoa zote.

Ukipita mwaka mzima na kiraka bado ni kitupu na ngozi inang'aa, uwezekano mkubwa ni kwamba vishina vya pale vimekufa. Si kwamba ulikula vibaya au ulitumia sabuni mbaya. Ni kipimo kilichohitajika ili kuua uvimbe.

Minoksidili, dawa ya kupaka inayouzwa famasi kwa ajili ya upara, baadhi ya madaktari huiandika pale ambapo vishina vingali hai. Haifufui kilichokufa, na isipakwe kwenye ngozi yenye kidonda. Kupandikiza nywele pia kunawezekana kwa baadhi, lakini ngozi iliyopigwa mionzi ina mishipa michache ya damu na hupona polepole. Ni kazi ya daktari bingwa anayejua historia yako yote, tena baada ya muda mrefu bila ugonjwa.

Zikipungua kichwa kizima, tafuta sababu nyingine

Kiraka chenye mpaka ni cha mionzi. Nywele zinazopungua kila mahali, miezi baada ya tiba, zina chanzo kingine, na vyanzo viwili hutokea sana.

Cha kwanza ni tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Mionzi ya shingo inaweza kuidhoofisha taratibu, miezi au miaka baadaye. Nywele hukauka na kupungua, mwili huchoka, baridi huuma kuliko kawaida, choo huwa kigumu, unene huongezeka bila kula sana. Kipimo cha damu kiitwacho TSH hugundua, na tembe moja kwa siku hurekebisha. Inashauriwa kipimwe kila miezi sita hadi kumi na miwili hata kama hujisikii vibaya. Ikiwa unakunywa vidonge vya bayotini vya kukuza nywele, mwambie mtu wa maabara: vinaweza kupotosha majibu ya kipimo hichohicho.

Cha pili ni njaa. Vidonda vya mdomoni, mate makavu na maumivu ya kumeza huwafanya wengi wapungue kilo nyingi, na mwili ukikosa protini na madini ya chuma huacha kwanza kulisha nywele. Hapa uji wa lishe wenye maziwa na siagi ya karanga, mayai ya kuvuruga, samaki aliyechambuliwa kwenye mchuzi, maharage yaliyosagwa, dagaa wa unga na parachichi vina kazi kuliko chupa yoyote ya mafuta. Ukishindwa kumeza, sema mapema. Mrija wa kulishia ni wa muda.

Kuhusu chupa zenyewe: mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu, mshubiri na habbat soda vina sifa kubwa mitaani, lakini hakuna ushahidi kwamba vinaotesha nywele zilizong'olewa na mionzi. Kitunguu huunguza ngozi mbichi. Ngozi ikishapona kabisa, mafuta mepesi ya nazi ya kulainisha hayadhuru wengi; yapake ukijua ni ya kulainisha tu.

Kujifunika, na maneno ya watu

Ngozi isiyo na nywele huungua na jua upesi, na sehemu iliyopigwa mionzi hubaki hivyo kwa muda mrefu. Kofia yenye ukingo mpana inafunika kisogo na masikio; kapelo haifuniki. Barghashia huacha shingo wazi, basi ongeza skafu. Kanga au kilemba cha pamba hufaa nyumbani na matembezini. Ngozi ikishapona, paka krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Ukichagua wigi, iwe na kitambaa laini ndani na isibandikwe kwa gundi. Nyusi zilizotoka zinaweza kuchorwa kwa wanja, lakini usichore karibu na kope zilizovimba.

Watu watauliza, na wasiouliza watakisia: ukimwi, kulogwa, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza. Chagua sentensi moja fupi na uwe nayo tayari, kwa mfano: "Nilipigwa mionzi hapa, imenyonyoa nywele za hapa tu." Waambie watoto mapema, kabla hawajaona nywele bafuni. Na kama huna moyo wa kueleza, una haki ya kunyamaza na kuvaa kofia.

Cha kupeleka kliniki ijayo

Usingoje tarehe ikiwa sehemu iliyonyonyoka ina usaha au harufu, au una homa. Ikiwa kidonda hakifungi wiki kadhaa baada ya tiba. Au ukipapasa uvimbe mpya kichwani au shingoni. Hayo ni ya kwenda siku hiyohiyo.

Mengine yanaweza kungoja, ila yasisahaulike. Piga picha ya kiraka mara moja kwa mwezi, mahali palepale, kwenye mwanga wa mchana. Kioo cha kila asubuhi hakionyeshi mabadiliko, picha za miezi mitatu zikipangwa zinaonyesha. Andika tarehe ya mionzi ya mwisho, kwani ndiyo inayohesabiwa. Kisha mwulize daktari mambo matatu: kisogo changu kilipata grei ngapi, TSH yangu imepimwa lini, na je, sasa naruhusiwa wembe na dawa ya saluni?